Eti mwenye akili haamini Mungu? Tuangalie mizani kwanza

Kaa kijiweni Mwanga jioni ukinywa kahawa, hukawii kusikia: "Wasomi hawana dini, sayansi imeshathibitisha." Mwingine atajibu kuwa huo ni uzushi wa wazungu. Ukiwauliza, wote wawili hawajausoma utafiti wenyewe. Hebu tuusome.

Mwaka 2009 Richard Lynn, John Harvey na Helmuth Nyborg walichapisha makala katika jarida la Intelligence. Walilinganisha nchi 137: wastani wa IQ upande huu, wingi wa wasioamini Mungu upande ule. Wakapata uwiano wa 0.60 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni vinakwenda pamoja kabisa). Namba inashtua. Lakini nchi si mtu. Nchi zenye wasioamini wengi mara nyingi ndizo zenye shule nzuri, chakula cha kutosha na hospitali za karibu. Kipi kimeleta kipi? Uwiano peke yake haukujibu.

Kazi ya Miron Zuckerman na wenzake, ya 2013, ina uzito zaidi. Walikusanya tafiti 63 zilizopima watu mmoja mmoja, wakapata -0.24. Uhusiano upo, tusiukatae kwa kuwa hautufurahishi. Ila ni mdogo: zidisha namba hiyo kwa yenyewe, unapata kama asilimia 6. Yaani tofauti za kiimani baina ya watu, karibu asilimia 94 haziendi na alama za IQ. Na waandishi wenyewe walikiri kuwa data hazikutosha kupima nafasi ya aina ya dini na utamaduni.

Sasa mizani yenyewe. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa shule kule Bagamoyo, wakawafundisha mbinu za maswali yale kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena. Alama zikapanda kuliko za wale ambao hawakufundishwa. Matokeo yalitoka 2002, katika jarida lilelile! Kama somo fupi hivyo linasogeza alama, basi alama ya kwanza ilipima pia mazoea ya mtihani. Halafu ndiyo tuitumie kupima akili ya taifa zima?

Mfikirie mvuvi wa dagaa wa Ujiji. Anajua mbalamwezi ikikolea taa yake haivuti samaki, anapanga siku zake kwa hilo. Na akisukuma mtumbwi anasema Bismillahi. Hilo halithibitishi dini wala haliikanushi. Lakini mtihani gani wa IQ umewahi kumuuliza habari za ziwa?

Wapo vijana wetu wanaoogopa fizikia isije ikawaondolea imani, na wapo wanaoacha kusali ili waonekane wana akili. Ukiwa mmoja wao, amua upendavyo, lakini usiamue jambo kubwa hivyo kwa namba ambayo haikukupima wewe.