Rosa Hakuwa na wa Kumwambia

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971. Mwanzoni ilikatazwa kutumika madarasani; baadaye ikawa kitabu cha kufundishia katika sekondari za Tanzania na Kenya. Jina lake ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika Litania. Wazazi wengi walioisoma wanaikumbuka kama onyo kwa mabinti: tazameni mwisho wa msichana aliyeponyoka mikononi mwa wazazi. Usomaji huo unamwonea Rosa, kwa sababu unamsahau Zakaria, baba yake.

Zakaria ni mlevi, na mkewe Regina anakijua kipigo chake. Anapogundua barua ambayo binti yake ameandikiwa na kijana Charles, hamuulizi kitu wala hampi nasaha. Anampiga vibaya. Tangu hapo Rosa anawaogopa wavulana, na mtu angeweza kusema fimbo imefanya kazi yake. Lakini Rosa hakufundishwa namna ya kumpima rafiki, wala namna ya kukataa. Amefundishwa jambo moja tu: baba asijue. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, hofu inabaki nyuma na fimbo yake. Watu wazima wenye madaraka, walimu wakiwemo, wanamtumia, naye hana wa kumwambia. Mwishowe anajiua.

Hapa ndipo kitabu hiki kinapotugusa sisi wenye watoto wanaoonewa shuleni. Mwonevu, awe mwanafunzi anayewanyang'anya wadogo chakula bwenini au anayesambaza picha ya mwenzake kwenye simu ili achekwe, ana silaha moja kubwa: "Ukisema, utakiona." Mtoto aliyezoea kunyamaza nyumbani ameshaandaliwa kwa ajili yake. Akirudi analia, tunamuuliza, "Na wewe ulimfanya nini?" Au tunamwambia, "Mwanaume halii, nenda ukampige." Mara ya pili hatasema.

Tunapenda kujitetea kwa methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ni kweli, mtoto aonywe. Lakini kumwonya mtoto ni kazi ya maneno na ya muda, na kipigo hakiwezi kuifanya. Hapa Maguu tuna mfano mbele ya macho yetu. Wazee wetu waliolima katika miteremko hii hawakuweza kuizuia mvua. Walichimba ngolo, ili maji yatulie shimoni badala ya kubeba udongo. Mapenzi ya ujana, hasira na aibu ni mvua ya umri huo, na itanyesha tu. Swali ni kama nyumbani kuna mahali pa kuyatuliza maji.

Zamani kulikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja, wakazungumza mambo ya familia, na vijana wa kiume wakajifunza kwa kusikiliza. Hatuwezi kuirudisha ilivyokuwa, wala haikuwapa mabinti nafasi ile ile. Ila tunaweza kuchukua kiini chake: mtoto azoee kusikia watu wazima wakizungumza kwa utulivu, naye asikilizwe. Hata msimu wa kuchuma kahawa, mnapochuma mti mmoja, panatosha kumuuliza, "Rafiki zako ni akina nani? Kuna anayekutisha?" Mwambie pia kwamba rafiki wa kweli hamlazimishi mwenzake, hadai malipo kwa zawadi aliyotoa, na hamwambii, "Usimwambie mama."

Mtoto akisema ameonewa, tumsikilize mpaka amalize, kisha twende kwa mwalimu pamoja naye. Akiwa ameumizwa au ametishiwa, lipo Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na ipo Simu ya Mtoto, namba 116, isiyo na malipo. Na mwonevu akiwa ni mtoto wetu, tusimfiche. Tumfundishe kuomba msamaha na kurudisha alichochukua, kisha tujiulize ukali huo aliuona wapi kwanza.

Kwa jambo moja sikubaliani na Kezilahabi. Ameufanya mteremko wa Rosa kuwa mkali mno, kiasi kwamba kijana aliyekwisha kosea, au aliyefedheheshwa mbele ya wenzake, anaweza kudhani njia ya kurudi haipo. Kanisa linafundisha kwamba ipo. Lakini kijana hataiamini kwa kuisikia mimbarini tu, ikiwa kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo jina lake limeshakuwa mazungumzo. Charles anamkataa Rosa kwa sababu ya yaliyopita. Tusiwe akina Charles.

Karibu na mwisho, mwandishi anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu. Huko ndiko Rosa anakopata nafasi ya kumweleza Zakaria alichomfanyia. Wengine wameiona sehemu hiyo kuwa ni kichekesho tu. Kwangu ndiyo sehemu nzito kuliko zote: mazungumzo yaliyostahili kufanyika nyumbani, wote wawili wakiwa hai, yanafanyika baada ya kifo. Watoto wetu bado wapo, na wengine jioni ya leo watarudi kutoka shule wakiwa kimya. Tuwaulize wakiwa bado mezani petu.