Karo ya Chuo Kikuu na Deni la Msomi

Swali la kama elimu ya chuo kikuu itolewe bila karo hujibiwa mara nyingi kama swali la hesabu ya fedha. Sisi twaliona kuwa ni swali la matabaka, na hivyo ndivyo tutakavyolichambua.

Watetezi wa karo wana hoja moja isiyopasa kupuuzwa. Wasema chuo kikuu huingiwa na wachache lakini hulipiwa na wengi. Mkulima wa pamba ambaye mwanawe aliishia darasa la saba humsomesha mtoto wa mkubwa. Ni kweli. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, ni msaliti. Lakini wanakijiji hao hawakumtoza nauli. Walimdai arudi.

Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi yetu ilishika njia hiyo. Serikali ilibeba gharama, kisha ikadai kazi. Wanafunzi walioandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa kwa mamia. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza, ndipo waingie Chuo Kikuu. Kasoro ya njia ile ilikuwa wembamba wa mlango: wana wa wakulima waliopita walikuwa wachache mno.

Miaka ya 1990 ikaleta uchangiaji wa gharama, na sheria ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo. Mlango ulipanuka, lakini deni likabadilika sura. Marekebisho ya 2016 yalipandisha makato ya mwajiriwa aliyekopa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara.

Tupime matokeo yake. Vijana wawili wanakaa darasa moja, katika jengo la umma, mbele ya mwalimu anayelipwa na umma. Mmoja alilipiwa karo na baba tajiri, mwingine alikopa. Wa pili, akiajiriwa ualimu wilayani, hukatwa mshahara kwa miaka. Wa kwanza hadaiwi kitu, naye huamini kwamba alijisomesha mwenyewe. Kumbe karo ile haikufikia gharama yote. Iliyobaki ni jasho la mkulima yule yule wa pamba. Hivyo karo humuuzia mwenye nacho uhuru wa kutowajibika, na mkopo humgeuza asiye nacho kuwa mdaiwa wa fedha badala ya mtumishi wa watu.

Hoja ya watetezi wa karo, basi, yathibitisha haja ya kupanua mlango na kudai utumishi. Haithibitishi haja ya karo. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Kuiondoa chuoni bila kudai kazi kwa wote, tajiri na maskini, kutazaa mabwanyenye wapya kwa gharama ya umma. Kada anayedai elimu bure hana budi kuyadai yote mawili kwa pamoja.