Fundi wa Nyuma ya Plasta

Mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Arusha na Moshi mwaka 2013, na kuanzia hapo kila sebule yenye televisheni ililazimika kumpokea mgeni mwingine: king'amuzi. King'amuzi kina waya wake wa umeme, waya wa dishi au antena, na waya wa kupeleka picha kwenye televisheni. Ongeza redio ya spika nyingi, chaja za simu za watu wa nyumba nzima, taa ya mezani na kisanduku cha intaneti. Nyuma ya meza moja pale Sakina au Kijenge, mitaa ya Arusha, utakuta nyaya kumi na ushee, zimelaliana, zimeshika vumbi. Televisheni yenyewe ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994 tu. Nyumba nyingi za mji huu zilikwisha jengwa wakati huo, zikiwa na soketi moja sebuleni, na chombo kilichotarajiwa kuchomekwa pale kilikuwa redio.

Redio nyingine ziliunganishwa papa hapa. Arusha ilikuwa na kiwanda cha Philips, na jina hilo limebaki likitaja eneo la mji hata kwa vijana ambao hawajawahi kuiona redio iliyotoka humo. Mpaka leo mji huu unatengeneza transfoma: Tanelec ipo tangu mwaka 1981. Lakini safari ya umeme kutoka transfoma hadi pasi ya nyumbani ina kipande cha mwisho, kile cha ndani ya ukuta na pembeni mwa zulia, na kipande hicho kiko mikononi mwa fundi umeme na mwenye nyumba.

Seremala akimaliza kabati, watu hulishika na kulisifia. Mwashi akipanga mawe ukutani, wapita njia husimama kutazama. Fundi umeme akimaliza kazi yake, mwashi huja na ndoo ya plasta na kuifunika yote. Ndiyo maana sifa zake ni adimu, na ndiyo maana kazi mbovu nayo hupita kirahisi.

Mtazame basi fundi huyo kabla plasta haijafika, asubuhi ya Julai huko Moshono, wakati Mlima Meru umejifunika wingu na vidole vinauma kwa baridi. Ana paipu ya plastiki ya milimita 20 anayotaka kuipindisha ili ishuke kutoka darini hadi kwenye boksi la soketi. Angeweza kununua elbo akaiunga. Hataki, kwa sababu kona kali hukwamisha waya siku ya kuuvuta. Anaingiza springi ndefu ya chuma ndani ya paipu, ameifunga kamba mwishoni ili aweze kuitoa. Kisha anaisugua paipu kwa kitambaa, mbele na nyuma, mpaka ishike joto. Plastiki yenye baridi haikunjwi kwa haraka; ikikunjwa hivyo inatoa mstari mweupe kwenye kona, na mstari huo ndio mwanzo wa ufa. Ikishapata joto anaiweka gotini na kuivuta taratibu, anaipitiliza kidogo kuliko pembe anayoitaka, maana anajua ikiachiwa itarudi. Anavuta kamba, springi inatoka, paipu imepinda kama alivyotaka na tundu lake halijabonyea. Hakuna atakayeiona kona hiyo tena mpaka ukuta uvunjwe.

Hiyo ni kazi ya mikono. Kazi ya kichwa ilianza mapema zaidi, kwa maswali. "Mama, friji mtaliweka wapi? Kitanda kitaelekea dirisha au mlango? Televisheni itakaa mezani au itapanda ukutani?" Mwenye nyumba aliyezoea kuulizwa tu idadi ya taa hushangaa. Lakini majibu yake ndiyo yanayoamua kama miaka mitano baadaye waya wa friji utapita mlangoni na kukwaza watoto. Soketi iliyowekwa nyuma ya mahali pa friji inaficha waya bila gharama ya kitu kingine chochote. Nyuma ya televisheni ya ukutani, fundi mwenye kuona mbali huacha paipu pana, tupu, inayoanzia usawa wa macho ya mtu aliyekaa na kuishia karibu na sakafu, pamoja na waya mwembamba wa kuvutia ndani yake. Humo zitapita nyaya za king'amuzi na za vyombo ambavyo bado havijabuniwa. Nyaya za umeme zina paipu yao peke yake. Hazichanganywi na za dishi wala intaneti, kwa usalama na kwa utulivu wa mawimbi.

Hapa ndipo penye kiini cha ufundi huu. Kwenye miteremko ya Meru, Wameru na Waarusha wamechimba mifereji ya kumwagilia kwa vizazi vingi. Mgeni anayekatiza migombani anaweza kuuvuka mfereji bila kuuona, umefunikwa na majani. Wenye mashamba wanajua unapita wapi, zamu ya leo ni ya nani, na maji yanafungiwa wapi. Waya wa nyumbani nao ufichwe vivyo hivyo: jicho lisiuone, lakini njia yake ijulikane.

Kwa hiyo mafundi wana kanuni wanayofundishana: kutoka kwenye soketi au swichi, waya hupanda wima au huenda mlalo, basi. Haukatizi ukuta kwa mshazari hata kama njia hiyo inaokoa mita moja ya waya. Siku moja mtu atataka kutundika picha ya mahafali au ya harusi. Atashika nyundo na msumari, atatazama ukuta mweupe, na kitu pekee kitakachomwonya ni soketi iliyo chini yake. Kama waya umepanda wima, atasogea pembeni na kupigilia kwa amani. Kama fundi alifuata mshazari, msumari unaweza kugusa waya wa moto wa volti 230.

Viungio navyo vina adabu yake. Waya uliokatika haufungwi kwa tepu nyeusi ukafukiwa ukutani. Kiungio hukaa ndani ya boksi lenye kifuniko, kimebanwa kwa konekta, mahali ambapo fundi mwingine atafungua kwa bisibisi na si kwa tindo. Darini pia nyaya hupita ndani ya paipu, kwa kuwa panya wa dari hutafuna plastiki ya waya mpaka shaba ibaki tupu. Waya mwekundu ni wa moto, mweusi ni nyutro, wa kijani ni athi. Nyaya za vifaa vipya vya kuchomeka huja na kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Milimita 1.5 ni ya taa, 2.5 ni ya soketi, na jiko au hita huhitaji waya mnene zaidi. Fundi anayechanganya rangi ili amalize haraka anamwachia mwenzake kitendawili chenye hatari ya kifo.

Zulia ni jambo jingine. Watu wengi huficha ekstensheni chini ya zulia, na sebule inapendeza kweli. Lakini waya unaopitisha umeme hupata joto, na mkondo ukiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne. Ukiwa wazi, joto linapotea hewani. Ukiwa chini ya zulia, au umeviringishwa kwenye gurudumu lake huku unatumika, joto halina pa kwenda. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13 kwa kiwango cha juu, yaani takriban wati 3,000. Birika la umeme peke yake linaweza kula wati 2,000. Arusha ina baridi, na asubuhi ya Juni birika, pasi na hita ya chumba hutamaniwa kwa wakati mmoja. Vitatu hivyo kwenye ekstensheni moja iliyofichwa chini ya zulia ni jambo la kukemewa bila kuoneana haya.

Lakini wakazi wengi wa jiji hawajengi, wamepanga. Chumba kimoja Ngarenaro au Unga Limited, soketi moja karibu na mlango, mita ya umeme ya LUKU inayotumiwa na wapangaji kadhaa, na ukuta ambao mwenye nyumba hataki uguswe. Humo ndimo mwenye ubunifu wa kupendeza kuliko nyumba nyingi za ghorofa. Mpangaji hununua pakiti ya klipu ndogo za plastiki zenye msumari mmoja mmoja, na kuusindikiza waya juu ya fremu ya mlango, kisha kwenye pembe ya ukuta na dari, kisha chini hadi mezani. Pembe ni rafiki wa waya: jicho la mtu huishia katikati ya ukuta. Waya uliobaki hauviringishwi kwa nguvu; unakunjwa mikunjo mipana na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo hauchubui waya, hulegezwa na kufungwa tena, na bei yake ni bure kwa anayefahamiana na fundi baiskeli. Mji unaogeuza matairi makuukuu kuwa katambuga haushindwi kuipatia tyubu kazi ya pili.

Waseremala wametoa mchango wao. Meza ya televisheni iliyotengenezwa vizuri ina tundu mgongoni, limepigwa msasa ili lisikate waya, na nafasi ya vidole vinne kati ya mbao na ukuta. Na akina mama wamekuwa na mbinu yao tangu enzi za redio: kitambaa cha kufuma kinachoning'inia mbele ya rafu, kinachoficha nyaya za chini. Kitambaa hicho kiheshimiwe. Kisiwekwe tu juu ya matundu ya hewa ya king'amuzi.

Si kila waya wa kufichwa. Boma la Wajerumani la Arusha lilikamilika mwaka 1900, na umeme wa kwanza wa Tanganyika uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908. Kuta nene za majengo ya umri huo hazikujengwa kwa kufikiria waya, na kuzichimba ni kuziharibu. Huko ufundi ni kuupanga waya juu ya ukuta, ulionyooka, uliobanwa kwa nafasi sawa, bila aibu. Hali kadhalika kwenye nyumba ndogo za vijijini, ambako umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umefika pamoja na kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari: kisanduku cha ukutani chenye soketi na mahali pa taa, kwa ajili ya nyumba ambayo haijatandazwa nyaya. Kila kitu kiko mahali pamoja, hadharani. Waya ulio wazi na uliobanwa vizuri ni salama kuliko uliofichwa hovyo, tofauti na wengi wanavyodhani.

Mji huu umewahi pia kuwa na kazi ya nyaya ambayo dunia nzima ilinufaika nayo bila kuitazama. Katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1978, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilifanya shughuli zake kwa karibu miaka ishirini, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Majaji, mawakili na mashahidi walisikilizana kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda kupitia vipokea sauti vya masikioni na wakalimani waliokaa katika vyumba vyao vya vioo. Kila maikrofoni ilihitaji njia yake ya sauti, na ushahidi wa shahidi ungeweza kukatika kwa kiungio kimoja kilicholegea. Habari za hukumu zimejaza makabati. Za waliosimamia nyaya zile, hakuna anayezisimulia.

Ufundi huu unafundishwa. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978, na kina kituo cha mafunzo ya nishati pale Kikuletwa, wilayani Hai, penye mtambo wa zamani wa umeme wa maji. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo hutoa mafundi, na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutoa leseni kwa madaraja, ili anayefunga nyaya za nyumba ajulikane na aweze kuulizwa. Kasoro iko kwenye malipo. Mtaani fundi hulipwa kwa pointi: kila taa ni pointi, kila soketi ni pointi. Kona iliyosuguliwa kwa kitambaa si pointi. Paipu tupu ya kesho si pointi. Kuchagua njia ya wima badala ya mshazari, kwa hasara ya mita moja ya waya, si pointi. Tunamlipa fundi kwa vinavyoonekana, halafu tunashangaa kwamba visivyoonekana vimeharibiwa.

Basi wewe unayejenga sasa, iwe Olasiti, Ngaramtoni au Usa River, kaa na fundi wako siku moja kabla ya kupima pointi, mtembee chumba kwa chumba na kuamua kila chombo kitakaa wapi. Mwongeze malipo ya njia nzuri, na mwambie kabisa kwamba unalipia hilo. Nunua waya wenye nembo ya ubora ya TBS na ukate ncha uone kama ndani ni shaba tupu au ni aluminiamu iliyovikwa shaba. Na siku moja kabla mwashi hajaleta plasta, piga picha kila ukuta kwa simu, paipu zikiwa wazi na futi ya kupimia ikiwa pembeni, andika jina la chumba kwenye kila picha, zichapishe, na uziweke kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja.