Kete Mbili Kila Shimo

Bao la kujifunza, lile wanaloanzia watoto, hujazwa kete mbili kila shimo. Mtazame mtoto akijaza: anamaliza safu yote mpaka kichwani, ndipo anahamia safu ya pili. Safu 4, mashimo 8 kila moja, kete 64. Nilipoanza kujifunza Java sikuwa na mfano mwingine akilini, na mpaka leo sijauona ulio bora.

Katika Java bao hilo ni maneno machache: int[][] bao = new int[4][8]. Mashimo yote yapo tayari, kila moja na sifuri yake. Kuyajaza ni kazi ya mizunguko miwili, mmoja tumboni mwa mwingine. Wa nje unashika safu. Wa ndani unapita mashimo yake, 0 hadi 7, ukiacha kete mbilimbili, kisha zamu inarudi nje. Wa nje huzunguka mara 4 tu. Wa ndani hutoka jasho mara 32. Ukiteleza ukaandika <= badala ya <, programu inakatika hapohapo na kukwambia shimo namba 8 halimo katika safu ya urefu wa 8. Ukali huo naupenda.

Usiku mmoja nilijitia ujanja. Nilijaza safu moja, nikaiagiza Arrays.fill iiweke safu hiyo bao zima. Nikahesabu kete: 64, sawia. Nikachota shimo moja la safu ya mbele, na mashimo manne yakawa matupu kwa mpigo! Nilihangaika nalo hadi karibu na alfajiri. Kumbe bao la Java ni safu iliyoshika safu nyingine, kila moja kitu kinachojitegemea kwenye kumbukumbu, nami nilikuwa nimetengeneza safu moja tu nikaielekezea vidole vinne. Hata ile for fupi yenye nukta pacha haikufaa kwa kujazia: inakupa nakala ya kilichomo shimoni, uandike 2 upendavyo, shimo halina habari.

Mizunguko miwili ya kizamani haina mbwembwe, lakini kila hatua inajua iko safu gani, shimo gani. Kwa hiyo ukitaka bao la Kiswahili lenyewe, ambalo kila mchezaji huanza na kete 6 nyumbani, mbili katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata, na 22 mkononi, masharti machache ndani ya mzunguko yanatosha. (Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji, Java hulihesabu la 4. Utazoea.)

Nikafuta ujanja wangu, nikaandika mistari mitano pamoja na mabano yake. Nikachota tena shimo lilelile. Mashimo 31 yalibaki na kete zake.