Ustawi Usioishia Kwenye Ua wa Chuo: Tahakiki ya Mkataba wa Okanagan

Mwaka 2015, wajumbe kutoka nchi nyingi walikutana mjini Kelowna, Kanada, wakatoa Mkataba wa Okanagan kuhusu vyuo vikuu vinavyokuza afya. Mkataba huo una miito miwili. Kwanza, afya iingizwe katika kila sehemu ya maisha ya chuo, kuanzia sera hadi darasani. Pili, vyuo viongoze kazi ya kukuza afya katika jamii zao na duniani. Ndani yake ustawi wa watu, wa mahali na wa sayari umetajwa kwa pamoja. Insha hii inauhakiki mkataba huo kwa kuuliza kama unatosha huku kwetu Masafu na katika eneo zima la Busia na Tororo, ambako chakula cha mwanafunzi hupikwa kwa kuni na makaa.

Tuanze na ubora wake. Mkataba huu ulifuata njia iliyofunguliwa na Mkataba wa Ottawa wa 1986, uliosema kwamba afya hutegemea amani, makazi, elimu, chakula, mapato, mfumo imara wa ikolojia, rasilimali endelevu na haki. Kwa hiyo hauishii kumhubiria mtu binafsi alale mapema na apunguze mawazo. Unakitaka chuo kibadilishe hali anamoishi mtu huyo.

Wazo hili si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Neno lenyewe "ustawi" latokana na kitenzi tunachokitumia shambani: mihogo imestawi, wimbi umestawi. Mmea usipostawi, mkulima haukalishi chini kuupa nasaha. Hutazama udongo, maji na kivuli. Kinyume chake, neno "mazingira", kutokana na kuzingira, humweka mtu katikati na vingine vyote pembeni. Vyuo vingi vimefuata neno hili la pili. Ofisi ya ushauri nasaha iko upande mmoja, kamati ya mazingira upande mwingine, na hazikutani isipokuwa siku ya kupanda miti mbele ya wageni.

Udhaifu wa kwanza wa mkataba uko hapo. Ingawa unataka mahitaji ya jamii za mahali yathaminiwe, kitovu chake ni kampasi, ambayo unataka iwe kama maabara hai. Lakini kampasi ina mipaka, na moshi hauna. Chukua Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007, ambacho kampasi yake kuu iko wilayani Busia, kaskazini ya Masafu. Jirani yake kuna hifadhi za misitu za Busitema na West Bugwe, ambazo kwa miaka mingi zimekatwa kwa ajili ya kuni, makaa na mashamba. Katika eneo kama hili, chuo chochote kinaweza kuwa na bustani safi na mapipa ya taka ya rangi tatu, huku posho na maharagwe ya wanafunzi wake yakichemshwa kwa kuni ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi.

Wanafunzi wanaopanga vyumba nje ya chuo hupika kwa sigiri, na mvua ikinyesha wengine huiingiza ndani. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyoonekana wala kunuka, nayo huua. Bei ya makaa ikipanda, mlo wa mchana hurukwa. Mwanafunzi huyo akienda kwa mshauri akisema hawezi kusoma, ataulizwa kuhusu usingizi na familia. Nani atamuuliza anapikia nini? Msitu unaoisha na mwanafunzi anayedhoofika wamekutana kwenye sigiri moja, lakini chuo kina mafaili mawili tofauti.

Udhaifu wa pili ni ukimya kuhusu mgogoro. Mkataba unazungumzia ushirikiano kana kwamba kila mwenye mamlaka anangoja tu kualikwa. Historia ya Wangari Maathai inatufundisha vingine. Alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akiunganisha miti na kuni, chakula na maji ya wanawake wa vijijini. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge. Alipozuiwa kugombea, chuo kilikataa kumrudisha kazini. Mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa akitetea Msitu wa Karura, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana kwa sababu hiyo hiyo. Baada ya Tuzo ya Nobel ya 2004, chuo kilekile kilianzisha taasisi yenye jina lake. Mkataba usioeleza chuo kifanye nini pale ustawi unapogongana na mamlaka au faida umeacha nje sehemu ngumu zaidi ya kazi.

Hata hivyo, siutupi mkataba huu. Nasema usomwe kuanzia jikoni. Chuo kinachodai kukuza afya kihesabu malori ya kuni yanayoingia langoni, na kitaje msitu yalikotoka. Maharagwe yalowekwe usiku kucha ili yaive kwa kuni chache, na majiko sanifu yanunuliwe kabla ya mabango. Mpishi na muuza makaa waitwe kwenye kikao cha ustawi pamoja na mshauri na daktari, na kikao hicho kiendeshwe kwa lugha wanayoielewa. Huku mpakani, ambako Msamia, Mteso, Mjapadhola na mfanyabiashara kutoka Kenya hukutana sokoni, mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili. Sisi tunaokisoma tuna kazi hapo: tusiutafsiri mkataba tu, bali tuuongezee yale ambayo waandishi wake, kutoka Kelowna, hawakuweza kuyaona.