Mahenge: Kumpima Mtoto Mmoja Mmoja

Ukivuka Mto Kilombero kutoka Ifakara na kupanda milima ya kusini, unafika Mahenge, wilayani Ulanga. Hapo ndipo daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofungua kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na watu wao, waliokula kwenye vyombo vyao peke yao kwa hofu kwamba povu la mgonjwa huambukiza. Wengine walikuwa na makovu ya moto, kwa kuwa waliangukia mafiga na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Katikati yao walikuwamo watoto ambao wazazi walisema juu yao: amesinzia kichwa. Kichwa kilidondoka kifuani mara kadhaa mfululizo, mtoto akiwa macho. Baadaye kwa wengi kilifuata kifafa chenyewe, na wengine akili ikaanza kurudi nyuma.

Maelezo hayo yalipatikana kwa kumfuata mgonjwa mmoja mmoja kwa miaka. Hesabu za watu wengi zilikuja nyuma yake. Henry Rwiza na wenzake walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 11 vya Ulanga, wakawahoji watu wapatao 18,000, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo: wenye kifafa 207, huku kiwango cha kifafa hai kikitofautiana toka 5.1 hadi 37.1 kwa kila watu 1,000, kutegemea kijiji. Tofauti kubwa hivyo ndani ya wilaya moja inadai maelezo, na macho yakaelekea kwenye usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walieleza wagonjwa 62 wa kusinzia kichwa. Minyoo ya usubi ilikuwa kwenye ngozi za wengi, lakini kwenye maji ya uti wa mgongo haikuonekana. Picha za ubongo za baadhi yao zilionyesha kovu, na wengine uharibifu wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kushika kumbukumbu.

Hapo kwenye hipokampasi ndipo ninapotaka kukaa. Takwimu za kijiji zinatuambia wangapi wanaumwa. Hazituambii mtoto huyu anashindwa nini hasa: kushika jambo jipya, kukaza macho kwenye kazi, kupanga hatua, au kuelewa anachoambiwa. Mwalimu huandika neno moja tu, kwamba hafundishiki. Neno hilo limefukuza watoto wengi shuleni kabla hawajapimwa na mtu yeyote.

Ugonjwa ukiwa adimu, na kila mgonjwa akiwa amefika hatua yake tofauti, wastani wa kundi huficha mambo. Ukimjumlisha aliyepoteza kumbukumbu na aliyepoteza umakini, unapata mtu asiyekuwapo. Ndiyo maana elimu ya ubongo imejengwa sana juu ya mtu mmoja aliyechunguzwa kwa kina. Mwaka 1953 kijana mmoja wa Marekani, Henry Molaison, alikatwa sehemu za hipokampasi za pande zote mbili ili kuzuia kifafa. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku Molaison alichora vizuri zaidi, na kila siku hakukumbuka kwamba aliwahi kuichora. Mtu huyo mmoja alitosha kuonyesha kwamba ustadi wa mkono na kumbukumbu ya tukio havikai mahali pamoja.

Kwa Mahenge hilo linatoa swali la kupimika. Mtoto ambaye hipokampasi yake imeumia atasahau hadithi aliyosimuliwa asubuhi, lakini huenda akajifunza kusuka ukili kama wenzake. Akishindwa vyote viwili, tutafute tatizo mahali pengine: umakini, usingizi, au dawa.

Kigezo cha kumlinganishia mtoto ndicho kigumu. Alama za mtoto wa Mahenge hazifai kulinganishwa na jedwali la watoto wa London, wala la Dar es Salaam. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti Penny Holding na Amina Abubakar wameonyesha kwa miaka mingi kwamba vipimo vya watoto lazima vijengwe upya kwa lugha na vitu vya mahali. Hapa maana yake ni kutafuta majirani wa rika lile, wenye miaka ileile ya darasani, na kuwapima kwa Kipogoro pale ambapo Kiswahili hakijakaa mdomoni. Majirani hao watakuwa wachache, na uchache huo una bei yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hadithi ina vipengele 20. Majirani wanakumbuka wastani wa 14, mkengeuko sanifu ni 3, na mgonjwa anakumbuka 8. Kwa hesabu ya kawaida yuko mikengeuko miwili chini, na wengi wangesema papo hapo kwamba kumbukumbu imeharibika. John Crawford na David Howell walionyesha mwaka 1998 kwamba tukiwa na kundi dogo tunajidanganya hivyo: wastani wa watu wachache wenyewe ni makadirio, kwa hiyo mkengeuko uzidishwe kwa kipeuo cha (n+1)/n, kisha jibu lipimwe kwa jedwali la t. Kwa majirani watano tunapata 1.83, na kizingiti cha asilimia 5 upande mmoja ni 2.13. Haitoshi. Kwa majirani kumi, alama zilezile zinatoa 1.91 dhidi ya kizingiti cha 1.83, na hapo tunaweza kusema, kwa kubanana, kwamba mtoto yuko chini ya wenzake. Majirani watano zaidi ndio waliobadilisha hukumu. Kwa maoni yangu, siku mbili za kuwatafuta zina thamani kubwa kuliko mashine nyingine ya picha za ubongo.

Kisha kuna dawa. Fenobabitoni ni rahisi, inapatikana vijijini, na inapunguza degedege, lakini inaweza kuzubaisha. Mtoto anayeanza dawa anaweza kusonga mbele kwa sababu degedege limepungua na papo hapo kurudi nyuma kwa sababu ya dawa yenyewe. Njia inayofundishwa vitabuni ya kutenganisha mambo hayo mawili ni kuanzisha tiba, kuisitisha, na kuirudisha. Kwa kifafa hilo haliruhusiwi kabisa: dawa ikikatwa ghafla, degedege linaweza kugoma kukoma, na mtoto akafa.

Njia salama ni kusogeza mwanzo. Chukua watoto wanne ambao daktari amekwisha kuamua kuwabadilishia dawa taratibu, na ambao subira ya wiki chache haitawadhuru. Wote wapimwe kila wiki kwanza, saa ileile baada ya kumeza dozi, kwa hadithi tofauti zenye ugumu sawa ili wasikariri. Wasipimwe karibu na chakula, maana kwa wengi wao kula ndiko huamsha kusinzia. Mzazi aweke alama ya kila tukio. Kisha wiki ya kubadili kwa kila mtoto ichaguliwe kwa kura kati ya wiki tano. Mipangilio inayowezekana ni 625. Ikiwa alama za kila mmoja zinapanda baada ya wiki yake mwenyewe, na si ya mwenzake, mvua, mavuno na mazoea ya kipimo haviwezi kudai sifa hiyo.

Kazi hiyo inahitaji muuguzi mmoja mwenye subira, karatasi, saa, na dawa isiyokatika ghalani. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na liwe limehakikishwa kabla mtoto wa kwanza hajaketi kusikiliza hadithi.