Sare, Nembo na Nishani: Istilahi za Vyeo vya Reli

Mfasiri aelezaye historia ya wafanyakazi wa reli wa Kijerumani hukutana na gurudumu lenye mabawa, nembo iliyobandikwa katika kofia zao, pamoja na kofia nyekundu ya msimamizi wa stesheni aruhusuye treni kuondoka. Aghalabu vyote hivyo hufasiriwa kwa neno moja: nishani. Ufasiri huo una kasoro.

Nishani hutolewa kumtukuza mtu kwa tendo au utumishi wake, naye astaafupo hubaki nayo. Alama ya cheo ni ya wadhifa; cheo kikiondoka, nayo huondoka. Nembo hutambulisha shirika, wala haitofautishi mkubwa na mdogo. Sare ni vazi lenyewe. Tepe ni aina moja tu ya alama ya cheo.

Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, na Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza, lipitalo Malampaka katika Mkoa wa Simiyu wa leo, lilikamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Msafiri atokaye Bariadi kupanda treni Malampaka hasomi barua ya ajira ya mtumishi; husoma vazi lake. Aidha, taarifa ikisema mtumishi “amevuliwa nishani” kumbe ameshushwa cheo, msomaji atadhani amenyang’anywa heshima ya taifa.

Hapana budi, basi, kila neno litumike mahali pake.